Kamera Iliyonyweshwa Kombe

Tuliachana Bi Zuhura akinijia na bakuli mkononi.

Wiki nzima watu wananisimamisha sokoni. "Nunu, lile bakuli lilikuwa na nini?" Mmoja anasema supu. Mwingine anasema maji ya moto. Muuza ndimu kaapa kabisa kwamba ni sumu. Jamani! Ajuza wa miaka themanini na moja, hina mpaka kisiginoni, anitilie sumu mbele ya wanawake mia na hamsini waliokuja kula biriani?

Kwa aliyekuwa safarini: mimi ni mpiga picha wa sherehe za wanawake hapa Bagamoyo. Mwezi wa tatu studio ilinifukuza. Wa nne, uchumba wangu na Muzammil ukavunjwa. Mama yake alisema msichana anayezunguka harusi za watu na kamera shingoni hajatulia. Wa tano nikapata kazi ya hina ya Lujain, anayeolewa na Mazin na kwenda naye Maskati.

Kabla sijapiga hata picha moja, mama wa bibi harusi, Bi Ruwaida, alinikalisha chini akanilisha yamini. Picha za siku ile mwanamume hazioni. Si mume wa mtu, si kaka wa mtu, si fundi. Nikaapa. Mlangoni wakaweka kapu, na kila aliyeingia alitia simu yake mle. Kamera iliyobaki ndani ya ua ule ikawa moja tu, ya kwangu.

Na nisiwafiche, tangu mwezi wa nne ndani yangu hamna sauti. Mdomo unafanya utani, watu wanacheka, mimi nawatazama kama niko upande wa pili wa kioo.

Haya. Bakuli.

"Bibi, nipishe kidogo, unaniziba," nilimwambia. Nilikuwa nimepiga goti mbele ya Lujain, mikono yake ameinyoosha, hina bado mbichi.

"Nani anamziba mwenzake?" Bi Zuhura akasema. "Hilo jicho lako linamkodolea mjukuu wangu tangu alasiri. Moja. Jeusi. Wala halipepesi."

"Ni lenzi, bibi."

"Na hasidi naye ana jina lake."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana kazi ni kazi.

Kwenye bakuli kulikuwa na kombe. Kwa ambaye hakulelewa Pwani: mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi ya waridi, mtu akanywa apate kinga. Lujain alikwisha kunywa nusu asubuhi. Na kwa kuwa tangu utotoni hamezi kitu kisicho kitamu, bibi yake alilitia asali. Vijiko vitano, nilikuja kuambiwa baadaye.

Nusu iliyobaki, kumbe, alikuwa amelihifadhia jicho langu.

"Bismillahi," akasema, akamimina.

Hakunyunyiza. Kunyunyiza ningevumilia. Alimimina taratibu, mpaka tone la mwisho, kama anayemwosha mtoto miguu.

Kombe likateremka juu ya lenzi, likaingia kwenye vitufe, likatokea chini kwenye mlango wa betri. Kioo cha nyuma kikatoa mistari ya kijani, kikawa cheupe pe, kikazima.

Vikapigwa vigelegele.

Nisikilizeni vizuri. Wanawake mia na hamsini walidhani ni sehemu ya sherehe. Mmoja wa kule nyuma akauliza kwa sauti kama na yeye anaweza kuoshewa cherehani yake.

"Sasa piga," Bi Zuhura akaniambia, ameridhika. "Sasa halina madhara."

"Kweli, bibi," nikasema. "Halina madhara kabisa. Halina chochote."

Bi Ruwaida akapenya katikati ya watu, akanishika kiwiko, akanivuta mpaka kwenye korido ya jikoni.

"Nunu. Ile yangu imo?"

Niwaeleze hiyo "yake."

Saa tisa, wageni hawajafika, aliniita chumbani kwake akafunga mlango kwa komeo. Miaka miwili huyu mama alikuwa akienda Dar kwa matibabu. Dawa zilimnyonyoa nywele zote, hata nyusi. Sasa zimeota, urefu wa pingili ya kidole, mvi tupu, laini kama manyoya ya kifaranga. Alikuwa hajamwonyesha mtu. Hata Bi Zuhura, mama yake mzazi, alikuwa hajaziona.

Akafungua mtandio mwenyewe.

"Nipige na nywele zangu," akasema. "Mwanangu anakwenda mbali. Akinikumbuka, ananikumbuka na kichwa cheupe kama yai. Nataka aende na hizi. Piga moja, Nunu. Moja tu, nisije nikalia."

Mpiga picha hapigi moja. Hupiga saba, akachagua. Lakini yeye kasema moja, na mimi siku hizi nafanya ninachoambiwa. Nikapiga moja.

"Imo," nikamjibu pale koridoni. "Imo ndani ya kadi."

"Na kamera imekufa?"

"Imesinzia tu."

"Anaondoka Jumatatu, Nunu."

"Najua, Bi Ruwaida."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na kosa hili si la Bi Zuhura. Kamera iliyolowa ina sheria moja ambayo mimi mwenyewe nimewahubiria watu: toa betri, usiiwashe. Usijaribu hata kidogo. Maji hayaui kamera, kinachoiua ni umeme kupita mle maji yakiwemo.

Nilipofika nyumbani kwa shangazi yangu Zuwena, ninakokaa, nikatoa betri. Nikaifuta kamera kwa upande wa khanga. Nikaiinamisha, ikadondosha matone ya njano. Mpaka hapo mwalimu angenipa alama zote.

Halafu nikarudisha betri nikaiwasha.

Nilitaka kuiona ile picha. Basi. Nilitaka niione imo kweli, halafu nizime. Ikawaka, nikaanza kuitafuta, ikazima. Nikaiwasha tena. Safari hii niliifikia, ikaanza kufunguka kutoka juu, nikaona ukingo wa mlango wa chumba, giza. Nikaiwasha mara ya tatu.

Ikatoa harufu.

"Nunu!" shangazi akaita kutoka jikoni. "Unapika kashata huko?"

"Ndiyo, shangazi."

"Inaungua!"

"Imeshaungua."

Shangazi Zuwena akaja na ndoo ya mchele. Nchi hii kila kilicholowa tiba yake ni mchele.

"Itie humu. Simu ya binamu yako Yusuf ilipona hivi hivi."

"Simu ya Yusuf iliingia maji ya kisima, shangazi. Hii imeingia asali."

"Basi mchele utapata ladha. Tia."

Nikatia. Ijumaa asubuhi nikaitoa imegandwa na punje kila mahali kama mkate wa ufuta. Punje mbili zilikuwa zimeingia mpaka kwenye mlango wa betri. Shangazi akaitazama, akanitazama.

"Mchele wangu wote huu, na haijanenepa," akasema.

Kadi niliichomoa kwa kibano cha nyusi. Ilikuwa inanata. Nikaifuta, nikaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikafikiri, halafu ikaniandikia kwamba humu hamsomeki, je, unataka kufuta kila kitu na kuanza upya?

Kwa muda nilidhani inaniuliza mimi.

Nikabonyeza hapana. Nikala chai. Nikaenda kwenye nikaha ya Lujain nikasimama nyuma kama mgeni wa kawaida, nikala halua. Mtu akiniuliza kamera iko wapi namwambia imefunga ndoa na Bi Zuhura. Wakacheka. Nikala na halua ya jirani yangu.

Jumamosi simu ikalia.

"Shikamoo, Bi Ruwaida."

"Marahaba, mwanangu. Zimetoka?"

"Zimetoka. Nazisafisha rangi."

"Na mimi nimetokaje?"

Nilikuwa nimeishika ile kadi kiganjani.

"Umetoka kama wa miaka ishirini."

"Muongo wee!" Akacheka. Sijapata kumsikia akicheka, miaka yote ya kumjua. "Zinaonekana lakini?"

"Zinaonekana."

"Na hamna mtu aliyeiona?"

"Hamna."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Hata mimi sikuwa nimeiona.

Nikakaa juu ya kitanda nikapiga hesabu za mafundi. Wa Bagamoyo nawajua wote, na wote wanamjua Bi Ruwaida. Kesho yake wangekuwa wanamsalimia huku wanamtazama mtandio. Wa Kariakoo wana meza barabarani, kompyuta imegeuzwa kwa wapita njia, fundi mmoja na watazamaji sita. Kuna mtu aliwahi kuniambia habari za fundi mmoja wa Chalinze, mtu mzima, anafanya kazi peke yake chumbani, huponya hata kamera za wapima ardhi zilizotumbukia mtoni.

Chalinze. Njia panda. Malori yanalala, mabasi yanapita, nani pale anamjua Bi Ruwaida wa Bagamoyo?

Hivyo ndivyo nilivyovunja yamini, ndugu zangu. Nilijiambia kiapo nacho kina mipaka yake, kama leseni ya halmashauri. Ukivuka wilaya, umekiacha nyuma. Na Chalinze wala si wilaya nyingine ukiuliza vizuri, lakini sikuuliza.

Jumapili asubuhi nikapanda gari la Msata, nikaunganisha, nikapita Lugoba, saa tano niko Chalinze na kamera ndani ya mfuko wa nailoni.

Chumba cha fundi kiko nyuma ya wauza matairi. Pazia mlangoni, ndani meza moja, taa moja, feni. Yeye wa miaka hamsini na kitu, koti jeupe kama la famasi, lenzi ya kukuzia ameifunga kwenye paji la uso. Juu ya mlango kibao: FUNDI BWANAUSI. HATUTENGENEZI PASI.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imeingia nini?"

Hakuniuliza jina wala ninakotoka. Nikampenda hapo hapo.

"Soda," nikasema.

Akafungua skrubu nne, akanyanyua kifuniko, akakinusa.

"Soda gani ina zafarani?"

"Ya harusini."

"Binti yangu," akasema bila kuniangalia, "mafundi huongopewa kuliko mahakimu. Kila aliyetumbukiza simu chooni huniambia kanyeshewa na mvua. Hata kiangazi. Sema."

"Ni kombe."

Akaweka bisibisi chini. Akanyanyuka, akaenda nyuma, nikasikia maji. Akarudi mikono na uso vimelowa, katia udhu.

"Ni kombe la kusomewa kweli?"

"La mwalimu kabisa. Bibi harusi alikunywa, kamera ikapewa masalio."

"Kwa nini?"

"Bibi yake alisema inakodoa."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa dalili anayoifahamu.

"Basi spiriti siweki kwanza," akasema. "Juu ya aya siwezi kumimina spiriti."

"Fundi, natakiwa nirudi leo."

"Na mimi natakiwa nirudi kwa Mola wangu siku moja. Kaa."

Akaiosha kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri za magari, kwa brashi laini, kipande kwa kipande, juu ya bakuli. Maji ya njano yakajaa. Akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akatoka nalo, nikamwona kupitia pazia akiyamwaga kwenye shina la mstafeli uliozungushiwa matofali, mahali pasipokanyagwa na mtu. Wauza matairi wakampisha. Akarudi, ndipo akachukua chupa ya spiriti.

Akashusha lenzi jichoni. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Uliiwasha?"

"Hapana."

Akanyanyua lenzi akanitazama.

"Mara tatu," nikasema.

"Ungeiacha, ningeiponya. Uchafu wote huu unatoka, asali inatoka, hata huu mchele. Lakini hapa," akaonyesha kidoa cheusi kama kichwa cha sisimizi, "hapa pameungua. Kombe halikuiua kamera yako. Umeiua mwenyewe, kwa haraka."

Hiyo kamera ndiyo ilikuwa kazi yangu, mshahara wangu, na sababu ya mama yake Muzammil. Nilingoja nisikie kitu kifuani. Hakikuja. Nikamuuliza kama ana maji ya kunywa.

Akanipa. Nikanywa.

"Na kadi?" nikasema.

Akaitazama kwa lenzi. Akachukua kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, akakisugua kwenye vile vimeno vya shaba vya kadi mpaka vikang'aa. Akapuliza. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaisogelea.

"Subiri!" Nilipiga kelele mpaka nje mtu akauliza kulikoni.

"Kuna nini humu, chui?"

"Wanawake. Vichwa wazi, mabega wazi. Nilikula yamini mwanamume asizione. Hata fundi. Fundi alitajwa kabisa."

"Ukala yamini, ukaileta Chalinze."

"Ndiyo."

Akakuna kidevu. Halafu akachukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa ameipa meza mgongo, uso kwa ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya matairi.

"Haya. Mimi natazama kalenda. Wewe uwe macho, mimi niwe mdomo. Bonyeza pale pa kijani."

"Nimebonyeza."

"Unaona nini?"

"Mstari unatembea."

"Uache utembee."

Tukakaa. Feni ikawa inazunguka.

"Fundi, kalenda yako ni ya mwaka juzi."

"Ndiyo maana naipenda. Haina jambo jipya."

Mstari ukafika mwisho. Picha zikaanza kutokea moja moja kama watu wanaotoka msikitini: Lujain, hina, sinia za sambusa, Bi Zuhura na shanga zake, wanawake wakicheza, Lujain tena. Nikazihesabu. Mia tatu na kumi na tatu. Mia tatu na kumi na mbili zilikuwa nzima, kama vile hakuna kilichotokea.

"Iliyoharibika ni moja tu," nikamwambia.

"Alhamdulillahi! Moja? Wewe mtu wa bahati."

"Mbona moja, fundi? Mbona hiyo?"

"Itakuwa ndiyo uliyokuwa unaifungua kamera ilipoungua. Ilikamatwa mlangoni."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kirefu, na hakikuwa cha utani. Bwanausi hakugeuka. Alingoja nimalize.

"Ni picha ya nani?" akauliza.

"Ya mama wa bibi harusi. Kaniomba moja. Anataka mwanawe aondoke nayo kesho."

"Ipo kabisa au haipo?"

"Ipo vipande. Kama karatasi iliyochanwa. Jicho liko chini ya kidevu, na kwingine kijivu."

"Basi haijafa. Vipande vyote vimo, vimepoteza mahali pake. Shika kile cha juu."

Tulihangaika mpaka adhuhuri ikapita. Yeye anaelekeza macho ukutani, mimi navuta vipande. Kila nikiunganisha, Bi Ruwaida anakuwa mtu mwingine. Mara ana masikio mawili upande mmoja. Mara ana mdomo kwenye paji. Nywele zenyewe, zile za kifaranga, zilikuwa zimegawanyika mara nne, na kila kipande kinafanana na mwenzake: mvi, mvi, mvi, mvi.

"Bado?" akauliza.

"Sasa hivi anafanana na shangazi yangu."

"Shangazi yako mzuri?"

"Sana. Lakini siye."

Akavuta pumzi. "Hii si kazi ya kidole, binti. Ni ya jicho. Mimi ningeimaliza kwa nusu saa. Lakini lazima niione."

"Huwezi kuiona kidogo?"

"Kuona hakuna kidogo."

Ilikuwa saa tisa. Gari la mwisho la kunifikisha Bagamoyo ni la saa kumi na moja. Lujain anaondoka kesho asubuhi.

Sasa hapa naomba mnielewe. Ningeweza kumwambia, "Geuka, fundi." Neno moja. Hakuna ambaye angejua. Yeye asingesema, Chalinze isingesema, Lujain angefika Maskati na picha yake mkononi, na Bi Ruwaida angeniombea dua mpaka naingia kaburini. Nilikwisha kumdanganya mara tatu. Ya nne ingekuwa ya kujazia.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mkono ukachukua simu.

Msinisifu. Sijui kwa nini nilipiga. Labda nilitaka tu mtu anigombeze mpaka nisikie.

Simu yangu kisikilizio kilikufa tangu Ramadhani, husikii mpaka uweke spika. Nikaiweka juu ya meza.

"Nunu! Uko njiani?"

"Shikamoo, Bi Ruwaida. Nimekuongopea."

Nikamwaga yote, kama bakuli la mama yake. Kwamba sikuisafisha rangi picha yoyote. Kwamba niliiwasha kamera mara tatu, nikaiunguza kwa mkono wangu. Kwamba niko Chalinze kwa fundi mwanamume, na yamini yake nimekuja nayo mpaka huku. Kwamba zote nzima, isipokuwa moja.

"Iliyoharibika ni ile yangu?"

"Ndiyo."

Nikangoja matusi. Sikuyapata. Nyuma yake nilisikia masufuria na wanawake wanapanga masanduku ya Lujain.

"Fundi anasema vipande vyote vimo," nikaendelea. "Anaweza kuiunga. Lakini lazima aione. Mpaka sasa hajaona kitu, wallahi. Amekaa ameutazama ukuta. Ukisema hapana, nachomoa kadi sasa hivi narudi nayo."

"Ameutazama ukuta?"

"Tangu kabla ya adhuhuri."

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Kajigeuza mwenyewe."

Akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo:

"Anaitwa nani, huyo fundi?"

"Bwanausi."

Masufuria yakaendelea. Halafu nikasikia mlango unafungwa upande wake, na komeo, na masufuria yakaisha.

"Wa Pangani? Ana kovu la moto kwenye dole gumba la kulia?"

Nikatazama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Kovu lilikuwepo, jeupe, la duara. Mkono ulikuwa umekunja kanzu chini ya koti na haukuiachia.

"Analo," nikasema.

Nilimsikia akipumua. Mimi, ambaye tangu mwezi wa nne sisikii kitu, nilimsikia yule mama akipumua kutoka Bagamoyo.

"Mwambie ageuke," Bi Ruwaida akasema. "Kabla ya baba yake Lujain, huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Miaka mitatu. Alizijua nywele zangu zikinifika kiunoni."

Feni ilikuwa inazunguka. Nje mtu alikuwa anapiga tairi kwa nyundo, akaacha.

"Fundi," nikamwambia ule mgongo mweupe. "Umeruhusiwa."

"Nimesikia."

Akaivua lenzi ya paji la uso. Akaifuta kwa ncha ya koti. Akaivaa. Akaivua tena, akaishika mkononi, akaitazama kalenda.

"Nunu," simu ikasema. "Kageuka?"

Nikamtazama.

"Bado, Bi Ruwaida."